Mita Moja Mbele ya Sanduku

Bi Aune, naomba tulisogeze friza.
Najua lina nyama ya paa wa Novemba,
na juu yake mitungi ya matunda ya porini
uliyoyachuma umeinama wiki mbili nzima.
Lakini sheria inataka mita moja mbele ya sanduku la umeme,
mita moja tupu, sakafu isiyobeba kitu.

"Mita moja ya nini?" anauliza. "Hapo hakai mtu."
Ndiyo maana yake, mama. Ndiyo maana yake hasa.

Thunder Bay, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Huku chini ya nyumba pananukia soksi na vitunguu.
Navuta utepe, unalia kama panzi wa chuma:
kutoka sakafuni hadi swichi kuu
mita mbili na sentimita nne.
Napima tena.
Mbili na nne.

Nani alilitundika hili?

Anautazama ukuta, hanitazami mimi.
"Veikko. Hakupima. Alisimama tu hapo ulipo,
akainua mkono, kiwiko hakijanyooka,
akasema: hapa."

Mwaka wa sabini na tisa.
Mtu mrefu huipima nyumba kwa mwili wake,
hakumbuki kwamba gizani atakuja mwingine.
Nyuma ya mlango naona mti wa ufagio,
nchani umefungwa mpira wa baiskeli.
Miaka kumi na mmoja ya ujane
ameuwasha na kuuzima umeme wake kwa mti huo,
akichokoa juu kama anayeangua tunda asiloliona.
Ananionyesha namna anavyofanya.
Kwa fahari, tena.

Nikamweleza habari za Gaston, aliyenifunza kazi.
Kiwanda cha karatasi, kati ya bomba na ukuta,
amejipenyeza ubavu ubavu, kifua kwenye waya.
Cheche ilipotoka alirudi nyuma hatua moja,
naye hakuwa nayo hiyo hatua.
Nyuma ya visigino vyake palikuwa na ndoo ya rangi.
Ndoo tu. Mtu aliiweka apate kwenda kula.
Leo Gaston hushika kikombe kwa mkono wa kushoto
kana kwamba mkono wenyewe ni wa kuazima.

Bi Aune hakujibu.
Akaanza kuteremsha mitungi, mmoja mmoja,
akiipanga ngazini, kisha akanigeukia:
"Binti wa Kowalchuk, unangoja nini? Shika upande wa pili."

Jipya liwekwe wapi?
Sheria inasema swichi isizidi mita moja na sabini.
Kushuka chini ya hapo hainigombezi.
Nikamwambia: simama, inua mkono, usijinyooshe.
Akasimama mbele ya ukuta kama mtoto anayepimwa shuleni,
akabandika kiganja penye saruji baridi.
Nikakizungushia chaki,
kidole kwa kidole, hadi kwenye pete iliyolegea.

Juu ya chaki ile, mbali,
palibaki mraba wa ukuta ambao haujaonja rangi,
na matundu manne ya skrubu za Veikko.
Nilitaka kuyaziba. Akanizuia.

Ijumaa nikarudi kabla ya mkaguzi.
Sanduku limekaa sawa, pimamaji halina neno.
Utepe wa njano niliougandisha sakafuni uko palepale,
na ndani yake, katikati ya mita yangu,
kiti.
Juu ya kiti, Bi Aune, na kahawa.

Mama, kiti ni kitu.

"Na mimi?"

Wewe si kitu. Lakini kiti ni kitu.

Akacheka hadi kahawa ikamwagika,
akanyanyuka, akakiegemeza kiti kwenye friza,
akarudi kusimama pale, mikono mitupu,
akafungua kifuniko, akaizima nyumba yote.
Giza. Friza likakata mngurumo.
Nikasikia visigino vyake vikirudi nyuma:
hatua moja, ya pili,
havikugonga kitu.

"Pana nafasi," akasema gizani,
wala hakuwa na haraka ya kuwasha.